Kalibu za Sabuni Zisizonunuliwa: Mazungumzo na Watengeneza Sabuni wa Goma

Mama zangu, dada zangu, na ninyi vijana mlioketi nyuma, jambo zenu.

Mtu akianza kujifunza sabuni, swali lake la kwanza huwa ni hili: kalibu zinauzwa wapi? Ameziona kwenye simu zile za silikoni zenye maua na mioyo, anauliza bei, bei inamvunja nguvu, na kazi inafia hapo. Mimi nawaomba msinunue kalibu. Pesa hiyo nunueni mizani inayopima gramu, glavu, na miwani ya kukinga macho, maana hivyo jikoni hamna cha kuvifidia. Chombo cha kumwagia sabuni tayari mnacho nyumbani. Kazi ni kuchagua, kwa sababu vingine ni hatari, na ninaanza na vya hatari.

Sufuria zetu nyingi ni za alumini, za dukani na hata zile nzito zinazomiminwa na mafundi wetu kutokana na vyuma chakavu. Soda kostiki, ile tunayochanganya na maji na mafuta ili kupata sabuni, inakula alumini. Uji wa sabuni ukishaigusa, chuma kinaanza kuyeyuka, mchanganyiko unapanda moto wenyewe, povu linafurika, na gesi ya hidrojeni inatoka. Hidrojeni inawaka. Sasa fikirieni jiko la makala liko pembeni, nyumba ni ya mbao, na mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Kwa hiyo alumini isiguse soda kabisa: sufuria, kijiko, trei ya keki, hata ile karatasi ya fedha ya kufungia chakula. Bati la kuezekea nalo limepakwa zinki, na zinki huliwa vilevile, basi fundi asiwakunjie trei ya bati. Kopo la maziwa ya unga halina kishindo hicho, lakini soda inamaliza utando wake wa ndani, kutu inafuata, na sabuni inatoka na madoa. Beseni ya enameli ni nzuri mradi haijabanduka. Chuma cha pua hakina tatizo. Kioo niachieni: soda hukikwangua kidogo kidogo, joto linaweza kukipasua, na sabuni ikigoma kutoka utaivunja na bakuli lake.

Tuje kwenye plastiki. Geuzeni chombo, mtazame chini yake. Kuna pembetatu yenye namba. Namba 2 na namba 5 ndizo tunazozitafuta, kwani zinavumilia soda na zinavumilia joto. Kopo la margarini mara nyingi ni 5. Namba 1 ni chupa ya maji na ya soda ya kunywa: hiyo huanza kulegea karibu nyuzi 70, na sabuni iliyofunikwa vizuri inaweza kufika hapo au kupita, tena soda kali huila polepole. Iacheni.

Na namba 2 ya hapa Goma ni ipi? Ni bidoni ya njano! Ile bidoni ya mafuta ya kupikia, ya lita 5 au ya lita 20, iliyopasuka shingo au kutoboka juu, ambayo mtoto hawezi tena kuchotea maji. Ilaze ubavu, kata upande wa juu wote kwa kisu kilichopashwa moto, umepata beseni ndefu yenye kuta nene. Pande zake zinapinda kidogo, na hilo ni jema: ukisukuma tumbo la bidoni kwa vidole, sabuni inaachia. Sijaona chombo kinachoishinda kwa anayeanza, na ninakisifu bila aibu.

Kartoni ya maziwa au ya juisi ya lita moja nayo inafaa sana. Ndani ina utando wa plastiki, ndipo inafuata karatasi nyembamba ya alumini iliyofichwa, halafu kartoni yenyewe. Utando ukiwa mzima, soda haifiki kwenye alumini. Kwa hiyo iosheni kwa kitambaa laini, msiikwaruze kwa waya wala kwa mchanga. Kuta zake hufura zikijaa, basi zibaneni kwa mawe mawili, na mawe tunayo. Siku ya kutoa unaichana, unaitupa.

Wanaotaka sabuni ya kuuza kwa miche wajenge sanduku la mbao. Ndivyo viwanda vya zamani vilivyofanya: sabuni ilimwagwa kwenye fremu kubwa zenye kuta za kufungua, ikaganda, ikakatwa kwa waya. Na mafuta yenyewe mengi yalitoka kwetu. Mwaka 1911 William Lever, mwenye viwanda vya sabuni Uingereza, aliafikiana na serikali ya Ubelgiji, ikazaliwa kampuni ya mawese ya Huileries du Congo Belge, na babu zetu wakalazimishwa kuchuma michikichi ili Ulaya ipate sabuni. Mawese leo yako sokoni Virunga, tunayanunua wenyewe. Nikiona mama wa Goma anakata mche wake mwenyewe, moyo wangu unafurahi kweli.

Mabaki ya mikaratusi kwa mafundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, yanatosha kwa sanduku. Msigongee kuta kwa misumari upande wote. Zifungeni kwa utepe wa mpira wa tairi la ndani ili zifunguke. Ndani tandikeni plastiki isiyo na tundu, iliyonyooshwa, kwa sababu kila mkunjo unaandika mstari kwenye sabuni. Gunia la plastiki lililofumwa linavuja, na gazeti linaganda humo humo. Halafu tafuteni mahali palipo sawa: sakafu nyingi za kwetu ziko juu ya lava, sanduku likiinama kidogo, mche mmoja unatoka mnene na wa pili mwembamba, na mteja anachagua mnene.

Bomba la maji la PVC, kipande alichobakiza fundi, linatoa sabuni za duara. Ni zuri, ila kutoa ni kazi, kwa hiyo liviringishieni plastiki ndani kabla ya kumwaga.

Sasa, chombo kinabeba kiasi gani? Hapa wengi wanakisia. Kiwekeni juu ya mizani, mizani isome sifuri, jazeni maji hadi mnapotaka sabuni ifike, msome gramu. Saba ya kumi ya uzito huo ndiyo mafuta mtakayotumia. Kartoni ya lita moja inabeba gramu 1,000 za maji, basi mafuta ni gramu 700. Kilo moja ya mawese inahitaji karibu gramu 141 za soda ili yote yageuke sabuni. Sisi tunapunguza asilimia 5 ili ngozi isiungue. Kwa gramu 700 inakuja gramu 94 za soda, na maji gramu 210. Jumlisheni: kartoni imejaa, hakuna kilichomwagika. Soda iingie kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya soda, na watoto wawe mbali. Maji ya kupimia yakaushwe yote kabla ya kumwaga uji.

Kuhusu kupaka: msipake mawese wala mafuta ya kupikia, soda itayageuza sabuni na chombo kitashika vilevile. Vaselini haigeuki sabuni, pakeni hiyo kidogo. Kijiko kidogo cha chumvi kwa kilo ya mafuta, kikiyeyushwa kwenye maji kabla ya soda, kinaifanya sabuni iwe ngumu na itoke upesi. Subirini siku moja au mbili. Ikigoma, msiipige. Iacheni nje mahali palipofunikwa usiku mmoja. Baridi yetu ya mita 1,500 inaifanya sabuni isinyae, na asubuhi inaachia kuta. Kateni kwa uzi wa nailoni wa wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kisha pangeni vipande hewani wiki 4. Vitapungua uzito kadiri maji yanavyotoka, kwa hiyo anayeuza kwa gramu apime siku ya kuuza.

Mama mmoja hapa mbele ananiuliza kama bidoni iliyokuwa na dawa ya mimea inafaa ikioshwa. Hapana, mama. Wala ya petroli, wala ya asidi ya betri, hata uioshe mara ngapi: plastiki inanyonya, na sabuni itakwenda kwenye ngozi ya mtoto. Bidoni ya mafuta ya kula tu. Na ikishakuwa ya sabuni, itieni alama ya kisu, isirudi tena kubeba chakula wala maji ya kunywa.