Kidonge Kinachoweza Kufika Katuba

Jambo yenu, mama na papa, na ninyi wanafunzi wa famasi mliojibana huko nyuma. Asante kwa kuja na baridi hii. Juni ya Lubumbashi kila mzazi wa mtoto wa SS, mwenye selimundu, anaijua: mtoto analala mzima chini ya blanketi mbili, saa tisa za usiku anaamka analilia mguu. Baridi imebana mishipa, damu imepunguza mwendo, krizi ya maumivu imeanza.

Nimeombwa niseme juu ya vidonge vya drepanositozi, ndiyo selimundu, na kipi kinaweza kufika Katuba, mtaa wa mji wetu huu. Naanzia kwenye mabehewa. Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Ya kawaida ni behewa lisilo na ndoano. Ya SS, kwenye mnyororo wake uitwao beta, nafasi ya 6, tofali liitwalo asidi ya glutamiki limeondoka na jingine, valini, limekaa pale. Mwanasayansi Vernon Ingram alilionyesha hilo kule Cambridge miaka ya 1956 na 1957. Valini hiyo ndiyo ndoano. Himoglobini ikishusha oksijeni, kwa jirani yake panafunguka pa kushikia. Mabehewa yanaungana, nyuzi zinarefuka, chembe nyekundu inapinda kama mundu.

Ila nyuzi hazianzi papo hapo, na hapa ndipo panaponinyima usingizi kwa raha. Kuna kuchelewa kidogo, na kuchelewa huko kunategemea msongamano wa himoglobini hiyo yenye ndoano ndani ya chembe. Upunguze msongamano kidogo tu, muda unarefuka mara nyingi. Chembe ikiwahi kurudi mapafuni kabla nyuzi hazijafungamana, safari hiyo imepona. Kwa hiyo dawa hailazimiki kung'oa ndoano zote. Inatosha ikichelewesha.

Sasa wanafunzi, kalamu. Mgonjwa mzima ana lita 5 za damu, himoglobini gramu 8 kwa desilita: jumla gramu 400. Molekuli moja ya himoglobini ina uzito wa kama 64,500. Ya vokselotori, dawa inayoishika himoglobini, 337. Ukitaka kila himoglobini ipate molekuli moja ya dawa, piga hesabu: inakuja gramu 2 na kidogo, zikae ndani ya chembe. Vidonge vingi hulenga protini adimu, miligramu chache zinatosha. Hiki kinalenga protini iliyojaa mwilini kuliko karibu zote. Ndiyo maana dozi yake ilikuwa miligramu 1,500 kila siku.

Marekani waliikubali Novemba 2019, kwa sababu himoglobini ilipanda: kwenye jaribio, 51% ya waliomeza dozi hiyo walipanda zaidi ya gramu 1 kwa desilita, dhidi ya 7% ya waliomeza kidonge kitupu. Septemba 2024 kampuni yake, Pfizer, ikaiondoa duniani kote, baada ya takwimu kuonyesha krizi na vifo visivyoeleweka vizuri. Dawa hii hufanya himoglobini iing'ang'anie oksijeni, na tangu mwanzo wapo waliouliza kama ubongo na misuli havitanyimwa. Sisi huku tunalielewa haraka. Lori la unga limevuka mpaka pale Kasumbalesa, limeandikwa kwenye daftari, limepita sokoni bila kushusha. Kwenye karatasi unga umeingia mjini. Kwenye sufuria bukari, ndiyo ugali, hakuna. Namba ya maabara ni daftari. Mimi nataka kuona sufuria: usiku ngapi mtoto amelala bila kulia?

Kwa kipimo hicho, kikongwe bado kinatangulia. Haidroksiyurea ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1869, uzito wake 76 tu, inayeyuka majini kama sukari. Mama wengi hapa mmeona: mtoto wa SS miezi ya mwanzo hana neno, halafu siku moja vidole vinavimba. Daktari Janet Watson wa Brooklyn aliandika juu ya amani hiyo ya watoto wachanga mwaka 1948. Wanalindwa na himoglobini ya tumboni, ile ya mtoto kabla ya kuzaliwa, isiyokubali kuingia kwenye treni, na haidroksiyurea huirudisha kiasi. Jaribio la REACH lilitibu watoto 606 Angola, Kenya, Uganda na kwetu, Kinshasa, kwenye hospitali ya Monkole chini ya Profesa Léon Tshilolo. Krizi zilipungua kwa zaidi ya nusu, malaria kwa karibu nusu, kuongezewa damu kwa theluthi mbili, na vifo pia vikapungua. Hiyo ni sufuria.

Nyingine zipo njiani. Mitapivati huchangamsha kimeng'enya cha nishati ndani ya chembe nyekundu. Watu wa kampuni ya Novartis mwaka 2024 walionyesha molekuli inayovunja protini ya WIZ, mojawapo ya zinazoizima himoglobini ya tumboni. Walichoonyesha kilikuwa kwa wanyama wa maabara, msiikimbilie.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni: kapsuli ya haidroksiyurea ni ya miligramu 500, mwanangu ana kilo 15, daktari kaandika miligramu 20 kwa kilo, je, niifungue nyumbani nigawe kwa kijiko? Hapana, mama. Unga ule haufai kugusa mikono, hasa ya mwenye mimba, na kijiko hakijui 300. Vipo vidonge vya miligramu 100: vitatu, basi. Na damu ipimwe kila inapopangwa, maana dozi ikizidi uboho, unaotengeneza damu, unachoka. Mfamasia akikuambia hana vya 100, usirudi nyumbani na kapsuli. Muulize ataagiza lini.