Jinsi ya Kumwinda Swala Pala Dume Katika Majira ya Kupandana

Karibuni, watazamaji. Video hii inawajia kutoka Arusha, na imeandaliwa kwa ajili ya wenye vibali vya uwindaji pamoja na vijana wanaojifunza kazi ya kufuata nyayo katika vitalu vya uwindaji vya Longido, Monduli na Simanjiro. Somo letu ni namna ya kumkaribia na kumchagua swala pala dume wakati madume wanapogombea majike. Nimetaja kumchagua kwa makusudi, kwa kuwa katika majira haya kumwona dume si kazi. Kazi ni kujizuia usimpige yule asiyefaa.

Kabla ya kuondoka mjini, hakikisheni kwamba kibali mnacho mkononi, kwamba kinataja swala pala na idadi yake, na kwamba bunduki mliyobeba ndiyo inayotambuliwa na nyaraka zenu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila kibali. Hakuna kupiga usiku, hakuna kupiga mkiwa ndani ya gari, na ndani ya hifadhi za taifa au eneo la Ngorongoro hakuna uwindaji kabisa. Anayetafuta njia ya mkato aifunge video hapa.

Sasa tuzungumzie majira yenyewe. Kusini mwa Afrika swala pala hupandana kwa pamoja, hasa mwezi wa Mei, kisha mambo yakatulia. Huku kwetu, karibu na ikweta, shughuli hiyo huenea katika sehemu kubwa ya mwaka na kupamba moto vipindi fulani, ndiyo maana msimu wa uwindaji unapofunguliwa tarehe 1 Julai bado mnaweza kumkuta dume anayelinda majike. Jike hubeba mimba kwa takribani miezi sita na nusu.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Simamisheni gari alfajiri, zimeni injini, shukeni na mkae kimya. Dume mwenye eneo hukoroma kwa sauti nzito isiyolingana na umbo lake, akianza na mipumuo ya kishindo puani na kumalizia kwa mkoromo wa kifuani unaorudiwarudiwa. Mgeni akiisikia kwa mara ya kwanza hudhani ni simba au chui, na sijawahi kumcheka kwa hilo. Mkishatambua sauti inatoka upande gani, msiikimbilie. Itazameni ardhi kwanza: malundo ya mavi yaliyorudiwa mahali pamoja na vichaka vilivyosuguliwa kwa paji la uso huonyesha kwamba mko ndani ya eneo la dume, na kwamba hatakwenda mbali.

Wageni wengi kutoka Marekani hufika na mazoea ya ayala wao wenye mkia mweupe, wale ambao pembe zao hudondoka na kuota upya kila mwaka. Kwao, hasa katika majimbo ya kaskazini, kilele cha kupandana ni mwezi wa Novemba, na dume huzurura mbali akitafuta majike, kwa hiyo mwindaji hupanda jukwaani juu ya mti, akagonganisha pembe ili kuigiza ugomvi, na kusubiri dume ajilete. Mbinu hiyo ina akili sana kwa mnyama yule. Swala pala dume mwenye eneo hazururi namna hiyo. Hubaki kwake akiwazuia majike wasitoke, kwa hiyo sisi ndio tunaomfuata, kwa miguu. Mweleze mgeni wako jambo hili kambini jioni, si porini wakati kundi limeshawatazama.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito kuliko zote. Tazameni kwa darubini, bila kugusa bunduki. Dume aliye katikati ya majike mtamjua kwa shingo nene, paji la uso lililokolea weusi na kuwa kama limepakwa mafuta, na mkia anaouinua hadi weupe wake ukaonekana anapomfukuza mwenzake. Anavutia macho, na karibu kila mwindaji mgeni humtaka huyo huyo. Ushauri wangu ni kumwacha. Huyo ndiye anayezalisha kwa wakati huo, na mwili wake umekwisha: hali vizuri, halali vizuri, na hana muda wa kujisafisha kwa meno, hata watafiti wamebaini kwamba madume wenye maeneo hubeba kupe wengi kuliko makapera, yaani madume wasio na eneo wala majike. Nyama yake huwa kavu na yenye harufu kali.

Pelekeni darubini pembeni mwa kundi, kwenye vichaka. Huko ndiko hukaa dume mzee aliyeshindwa na kunyang'anywa eneo, akiwa peke yake au pamoja na makapera. Kwa kuwa pembe za swala pala hazidondoki, uzee husomeka humo: ncha zimechakaa na kuwa butu, na uso umejaa makovu. Kijana ana pembe zenye ncha kali na shingo nyembamba, hata kama urefu wa pembe unadanganya. Mkiwa na shaka, subirini ageuze kichwa. Shaka ikibaki, ondokeni.

Hatua ya tatu ni kukaribia. Chukueni kimfuko cha kitambaa chenye majivu laini, kitikiseni, na mtazame vumbi linaelekea wapi. Fanyeni hivyo mara kwa mara, kwa kuwa jua likipanda upepo huanza kugeukageuka. Adui wenu hapa si dume. Yeye akili yake iko kwenye ugomvi, na anaweza kupita karibu nanyi bila kuwajali. Majike ndio wanaolinda, na jike mmoja akipiga chafya ya tahadhari kundi lote litatazama upande wenu. Likitokea hilo, simameni kama mlivyo, mguu mmoja ukiwa mbele, mpaka warudi kula. Tembeeni kwa mstari mmoja nyuma ya mfuata nyayo, na songeni mbele wakati dume anapokoroma au kufukuza, kwa maana vishindo vyake hufunika vyenu.

Kupiga kwenyewe ni jambo fupi. Mkiwa katika umbali wa mita 100 hivi, egemezeni bunduki kwenye vijiti vitatu vilivyofungwa juu. Bunduki yenye kipimo cha risasi cha .270 au .308 inatosha kabisa. Subirini asimame ubavu, hakikisheni hakuna mwingine nyuma yake, kisha fuateni mstari wa mguu wa mbele hadi theluthi ya chini ya mwili. Akikimbia baada ya risasi, wekeni alama mahali aliposimama na msiharakishe. Damu nyekundu yenye povu inamaanisha mapafu, naye hatafika mbali. Damu iliyochanganyika na majani mabichi inamaanisha tumbo, na ni habari mbaya, nanyi mtamfuata mpaka apatikane.

Suala la kuchinja lijadiliwe kabla ya safari. Katika kambi nyingi wamo Waislamu watakaokula nyama hiyo, na wana haki ya kutaka mnyama awahiwe akiwa hai na kuchinjwa kisheria. Kwa upande mwingine, mgeni anayetaka kichwa na shingo vikaushwe kwa maonyesho hatapenda ngozi ya koo ikatwe. Mwindaji bingwa, yule anayewaongoza wageni, aseme mapema lipi litatangulia kwa mnyama yupi, kwa sababu nimeona ugomvi mkubwa ukianza juu ya mzoga ambao bado una joto.

Mtoeni matumbo papo hapo, na mchunaji asiache manyoya ya nje wala tezi nyeusi za miguu ya nyuma ziguse nyama. Ngozi ipakwe chumvi kivulini siku hiyo hiyo. Kibali kijazwe kabla ya gari kuwashwa, na mnyama aliyejeruhiwa akapotea aandikwe pia.