Kutoka Minneapolis hadi Wete: nyumba zipangwe kwa visiwa vyote

Assalaam alaykum jamaa zangu wa Unguja na Pemba. Wazee wangu, shikamooni.

Leo nimesimama chini ya majumba ya Riverside Plaza, hapa Minneapolis, Marekani. Yamefunguliwa 1973. Tazameni hizo rangi ukutani, nyekundu, njano, buluu. Wakaazi wengi ni Wasomali, na kila nikipita hapa nakumbuka majumba ya maendeleo ya kwetu Wete. Msimu wa karafuu tukitandika majamvi uwanjani, jioni tunakaa na bibi kuchambua: karafuu huku, makonyo kule, mpaka vidole vinanuka hadi asubuhi.

Enzi za Mzee Karume mipango ya nyumba haikuishia Michenzani, mjini Unguja. Majumba yalikwenda Wete, Chake, Mkoani, yakenda Bambi na Makunduchi. Waliopanga walitazama visiwa vyote viwili. Hilo ndilo lililonifanya niwashe kamera leo.

Huku Minnesota, mwaka 1967 bunge la jimbo liliunda chombo kiitwacho Metropolitan Council. Kinaangalia kaunti 7 kwa pamoja, maana maji machafu na mabasi hayajui mpaka wa mji. Ikaja sheria ya 1976: kila mji uandike mpango wake, na humo uoneshe nyumba za watu wa kipato kidogo zitapata wapi nafasi. Kuandika si kujenga, na miji mingine hujivuta kweli kweli.

Lakini kuna sheria ya 1971 ninayoipenda zaidi. Thamani ya majengo ya biashara ikipanda, asilimia 40 ya hilo ongezeko inatiwa kapu moja kwa hesabu ya kodi, kisha inagawiwa miji yote ya kaunti hizo 7, na wenye uwezo mdogo wanapata zaidi. Duka kubwa likifunguliwa kwa jirani, na wewe unafaidika.

Sasa nije nyumbani. Dada yangu alihama Pemba kufuata kazi, akanunua kiwanja bondeni, upande wa Magharibi, Unguja. Aliyemuuzia alimhakikishia maji hayafiki. Masika ya kwanza tu akanitumia picha: godoro juu ya meza, na madaftari ya skuli ya watoto yameanikwa kwenye kamba pamoja na nguo. Picha ile sijaifuta.

Hakwenda bondeni kwa kupenda. Sensa ya 2022 imehesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na karibu nusu yao wako Mjini Magharibi, mkoa mmoja kati ya mitano. Tukijenga nyumba za bei nafuu huko huko tu, tunazidi kuwavuta watu. Wete ikiwa na nyumba lakini haina kazi, kijana atapanda boti vile vile.

Na sisi tuna nguvu ambayo huku hawana: ardhi yetu ni mali ya umma. Basi serikali ipange nyumba, maji, barabara na ajira kwa meza moja, mikoa yote mitano. Hoteli za Nungwi na Kiwengwa, Unguja, zikikua, sehemu ya ongezeko hilo ikajenge Micheweni, Pemba.

Dada kashapata kiwanja juu kidogo, Wete. Msingi unaanza masika yakipita. Mlioko mabondeni, niandikieni hapo chini mwaka huu maji yamefika wapi. Nitasoma yote.