Hamira ya Lita Tano

YOHANA: Mbukwenyi, wasikilizaji! Leo tuna swali la kijana wa Nkuhungu, hapa Dodoma. Anapika bia nyumbani, ndoo ndogo, lita tano kila mara. Ana pakiti ya hamira ya bia iliyokaa kabatini tangu masika. Anauliza aimwage tu kwenye ndoo, au aiandalie stata kwanza, yaani aikuze kwenye maji matamu kidogo ya kimea kabla ya kuitia kwenye ndoo?

NEEMA: Ya unga au ya maji?

YOHANA: Hakusema.

NEEMA: Sasa hapo kaka yangu ndipo jibu lote lilipo. Kama ni ya unga, asihangaike na stata. Hamira ya unga imekaushwa ikiwa imeshiba, ina akiba yake ndani. Ukiipitisha kwenye stata ndogo inaitumia ile akiba bila sababu. Aichukue, ainyunyizie kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa hadi nyuzi 30 au 35, mara kumi ya uzito wake, aiache robo saa, akoroge, amimine. Basi.

YOHANA: Pakiti nzima?

NEEMA: Hapana! Pakiti ya kawaida ni gramu 11.5, imepimwa kwa lita 20 na ushee. Kwa lita tano, gramu nne au tano zinamtosha kabisa. Zilizobaki afunge vizuri, aweke kwenye friji, azitumie mapema.

YOHANA: Hebu waelezee hesabu, maana kuna wanaodhani unakisia.

NEEMA: Haya. Bia ya kawaida, ile inayochachuka kwenye joto la kawaida la nyumbani, inataka seli kama 750,000 kwa kila mililita moja, kwa kila nyuzi moja ya utamu kwenye kipimo cha sukari kiitwacho Plato. Lita tano zenye utamu wa 12 zinakupeleka kwenye seli bilioni 45. Hamira ya maji ikiwa mpya, pakiti moja inakuja na bilioni 100 hivi. Kwa hiyo hata hiyo, ikiwa mpya, haihitaji stata kwa ndoo ndogo.

YOHANA: Kumbe stata ni ya nani?

NEEMA: Ni ya hamira ya maji iliyozeeka. Na huku kwetu nyingi zinafika zimeshazeeka, maana zinaagizwa mbali, zinashushwa Dar es Salaam, halafu zinapanda basi na joto lote lile. Stata inakuonyesha kama kuna kilicho hai humo ndani kabla hujamwaga sukari, kimea na mkaa wako bure. Mimi naiona kazi hiyo ni kubwa kuliko kuongeza idadi ya seli.

YOHANA: Haya, tuingie jikoni. Vitabu vyote vinasema stata ipikwe kwa maji matamu ya kimea cha shayiri yaliyokaushwa yakawa unga, gramu 100 kwa lita moja ya maji. Hapa Dodoma utaupata wapi? Ukizunguka Soko la Majengo utakuta mtama, uwele, ulezi, zabibu hata mbichi, lakini huo unga hapana.

NEEMA: Watu wengine wanatumia kile kinywaji cha kimea kisicho na kilevi, cha chupa. Kinafaa, ila usome lebo. Kama kuna kihifadhi kimeandikwa, achana nacho, kwa sababu kihifadhi kimewekwa humo makusudi kuzuia hamira isikue, na kuchemsha hakukiondoi. Kama hakuna, ongeza maji nusu kwa nusu, maana ni kitamu mno, chemsha gesi yote itoke.

YOHANA: Mimi napenda ya mtama. Sisi Wagogo kimea tunacho tangu zamani. Unachukua unga wa mtama wa kawaida gramu 100, unapika uji mwepesi kwenye lita moja ya maji mpaka uive. Kuuivisha ni lazima, wanga wa mtama ni mgumu kufunguka, unataka moto zaidi ya ule wa shayiri. Ukishaiva uache upoe hadi nyuzi 65, ndipo unatia unga wa kimea cha mtama, gramu 50. Ukitia uji ukiwa bado unatokota umeua kile kinachogeuza wanga kuwa sukari.

NEEMA: Na hicho kimea mizizi na machipukizi yapukutishwe baada ya kukauka. Machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi. Bibi zetu walikuwa wanayapukuta, sisi wa siku hizi tunaona ni usumbufu.

YOHANA: Kabisa. Funika kwa blanketi saa moja au mbili, utaona uji umelegea wenyewe, umekuwa mtamu. Chuja kwa kitambaa safi. Halafu chemsha tena dakika 15.

NEEMA: Sema kwa nini unachemsha tena, maana kwenye wujimbi, pombe yenu ya Kigogo, hamfanyi hivyo.

YOHANA: Kwa sababu unga wa kimea umejaa vijidudu. Kwenye wujimbi kimea kinaingia bila kupikwa tena, vile vijidudu ndivyo vinavyoleta ule uchachu, na ndio utamu wake! Lakini kwenye stata unataka hamira yako peke yake. Na hapa tuko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, maji yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo usipunguze hizo dakika.

NEEMA: Poza sufuria kwenye beseni la maji, ikiwa imefunikwa. Mimina nusu lita kwenye chupa ya lita moja uliyoichemsha, ili ibaki nafasi ya povu. Tia hamira, tikisa kwa nguvu. Hamira inapozaliana inataka hewa ya kujengea ngozi za seli mpya, kwa hiyo kila ukipita karibu unatikisa. Mdomo wa chupa funika kwa foili tu, ilegee. Ukikaza kizibo gesi itaipasua hiyo chupa.

YOHANA: Inakaa siku ngapi?

NEEMA: Moja hadi mbili. Utaona povu, baadaye mashapo meupe chini, na harufu kama ya mkate. Ukisikia siki, au ukiona ukungu juu, mwaga. Usibembeleze.

YOHANA: Na joto? Oktoba hapa jua linakausha hadi mawazo.

NEEMA: Stata yenyewe haina shida, nyuzi 25 inafurahi tu, kwa sababu yale maji ya juu hutayanywa. Unaiweka friji usiku, hamira inalala chini, unamwaga maji ya juu, unatumia mashapo. Shida iko kwenye ndoo ya bia. Ile inataka 18 hadi 22. Ikipita hapo unapata pombe inayochoma koo na harufu ya ndizi mbivu.

YOHANA: Ninyi Wachaga si mnaipenda hiyo?

NEEMA: Ndizi tunaziweka kwenye mbege kwa hiari yetu, mtani! Kwenye bia ya shayiri sitaki. Bahati yenu hewa ya Dodoma ni kavu. Weka ndoo kwenye beseni la maji, ivalishe fulana iliyolowa, ncha ziguse maji, elekeza feni. Inapoa vizuri kuliko ningeweza Dar na ule unyevu wao.

YOHANA: Kuna mama wa mtaa wa Kikuyu, hapahapa Dodoma, naye kauliza: mashapo ya wujimbi yanaweza kuanzisha bia?

NEEMA: Yanaweza, na itachacha haraka. Lakini itakuwa chachu, hamira na bakteria wa uchachu, kama wale wa maziwa mgando, wanakuja pamoja. Akitaka bia chachu, sawa, tena itakuwa nzuri. Akitaka safi, achukue mashapo ya ndoo yake iliyopita ya bia. Yakiwa mazito, mililita moja ina seli kama bilioni moja. Kwa lita tano ni vijiko vitatu vya chakula, aongeze cha nne kwa ajili ya uchafu uliochanganyika.

YOHANA: Kwa hiyo akishaanza, hanunui hamira tena?

NEEMA: Anaweza kurudia mara kadhaa. Ladha ikianza kubadilika, aanze na mpya. Na mashapo yakae friji, yasizidi wiki mbili.

YOHANA: Asiye na friji?

NEEMA: Apike ndoo mpya siku ileile anayojaza chupa za ile ya kwanza. Mashapo yatoke huku yaingie kule, yasipate hata muda wa kupoa.