Nimelipa kiingilio kuingia nyumba za watu: Jumapili moja San Miguel de Allende

Assalaam aleikum, hamjambo nyote mlioko Unguja, Pemba, Dar, Mombasa, Maskati na kwengineko. Ni mie tena, dada yenu wa Houston, ila leo siko Houston. Ngojeni nigeuze simu muone. Haya! Hilo jengo la rangi ya waridi lenye minara iliyochongoka kama keki ya harusi ni kanisa, wenyewe wanaliita Parroquia. Mji ni San Miguel de Allende, jimbo la Guanajuato, katikati ya Meksiko. Jua hili lisiwadanganye mkadhani nyuma ya hizo nyumba kuna bahari. Bahari iko mbali kabisa, na hapa tuko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wake, tumeipita hata Nairobi. Asubuhi nilivaa sweta mbili na bado nikatetemeka.

Kabla hamjaniuliza viza: mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani, au viza ya Marekani iliyo hai, haombi viza ya Meksiko. Nimepanda ndege Houston nikashuka León, halafu gari kama saa moja na nusu. Basi, hilo limekwisha.

Nataka kukuhadithieni ziara mbili. Ya kwanza nitaipita mbio kwa sababu bado inaniuma. Ijumaa nilinunua tiketi ya "ziara ya utamaduni", saa tatu za kutembezwa mjini na kijana mchangamfu mwenye mwavuli. Watu wa Forodhani, hamhitaji nimalize, nyie mnamjua. Tulisimama kanisani dakika tano, halafu duka la fedha, halafu duka la tekila, halafu duka la mazulia ya sufu, halafu duka jengine la fedha ambalo mwenyewe ni binamu yake. Nimevuka bara zima kuja kukutana na papasi, wale vijana wanaowaganda watalii! Tena papasi wa kwetu angalau angenichekesha. Na viatu nilivyovaa siku hiyo vilikuwa na kisigino. Njia zote hapa ni za mawe ya mviringo, yamesuguliwa na miguu ya watu hadi yanateleza kama sabuni. Wageni wanaoishi hapa wana utani wao, wanasema huu ni mji wa wanawake wanaoanguka. Mie nilianguka mbele ya meza ya mzee anayeuza mahindi ya kuchoma. Alinipa kiti, akanipa na hindi.

Jumapili ndiyo siku yenyewe.

Maktaba ya umma ya hapa, mtaa wa Insurgentes, kwa miaka mingi sana imejulikana kwa ziara ya nyumba na bustani. Wenye nyumba wanajitolea kufungua milango yao, watu wanalipa kiingilio, na fedha zinasaidia maktaba na kusomesha watoto. Mtindo ukaenea, siku hizi vikundi kadhaa vinatembeza watu kwa nia ya kuchangia jambo. Mie nilijiunga na kundi la namna hiyo. Kiongozi wetu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, anajitolea tu, halipwi. Maneno ya mwanzo kututamkia: "Mkikanyaga maua ya watu nitajifanya siwajui."

Ndani ya vyumba hatukuruhusiwa kupiga picha, kwa hiyo video hii ina milango na uwani tu. Mengine itabidi mniamini.

Tazameni ukuta huu. Nje hakuna kitu. Rangi ya udongo mwekundu, dirisha moja lenye nondo, na mlango mkubwa wa mbao. Sasa angalieni vizuri hapo chini ya mlango: ndani ya ubao mmoja wa mlango mkubwa kuna kilango kidogo, mtu anainama ndiyo anapita. Jamani! Si mlango wa Kiponda huo, mtaa wa Mji Mkongwe kwetu Unguja? Mkubwa hufunguliwa siku ya harusi na siku ya jeneza, siku nyengine zote tunainama. Hapa mkubwa ulikuwa wa farasi na magari yao.

Ukishapita unaingia ukumbini, kijia chenye paa, wanakiita zaguán. Halafu ghafla, mwangaza! Ua wa katikati, chemchemi ya mawe inatiririka, vyumba vyote vimeuzunguka ua kwa nguzo na matao, mabogenvilea yanashuka kutoka juu kama pazia. Nikasimama. Mzungu mmoja nyuma yangu akanigonga na begi, sikuhama. Nilikuwa ndani ya nyumba ya bibi yangu.

Si maneno ya kutia chumvi. Waislamu, Waarabu na Waberiberi, walitawala sehemu za Uhispania karibu miaka 800, mpaka 1492. Nyumba yenye mgongo mkavu kwa mtaa na uso wote kwa ndani ilibaki kule, na Wahispania walipovuka bahari waliibeba. Sisi tumeipata kwa njia yetu, kutoka Oman na kwa mafundi wa pwani wenyewe. Kuna tofauti moja niliyoipenda. Kwetu njia ya kuingilia inapinda, anayepita nje asimwone mwanamke wa ndani. Hapa imenyooka, mwisho wake kuna geti la chuma la nakshi, na mlango ukiachwa wazi mpita njia anaiona chemchemi. Wao wanataka uchungulie kidogo ule wivu.

Maneno nayo! Yule mwalimu akatuonyesha bwawa la kuogelea, akasema *alberca*. Nikamwambia mama, kwetu msikitini tunatawadha kwenye birika. Asili moja, Kiarabu. Akimtaja mtu asiyejulikana jina husema *fulano*. Fulani huyo! Na wakiagana, *hasta mañana*: hiyo *hasta* ni *hattá* ya Kiarabu, ndiyo hiyohiyo hata yetu. Hata kesho. Yule mama akatoa kidaftari akaandika. Kuanzia hapo akawa ananiita kila akifika kwenye kitu, "Zanzíbar, na hiki mnaitaje?"

Sasa inueni macho, hii waliniruhusu kuipiga kwa sababu iko barazani. Dari ya matofali matupu, imepinda kama gamba la kobe, haina nguzo wala boriti. Wanaita bóveda. Mafundi wake wana jina lao, *bovederos*, na kazi wanarithishana baba kwa mwana. Nyumba ya tatu tulimkuta mmoja anajenga, nikamtazama nusu saa nzima kundi likaniacha. Hatumii mbao za kushikilia chini. Hana kitu! Anaanza kwenye pembe, anapaka udongo wa chokaa kidogo nyuma ya tofali jembamba, analibandika limelalia lenzake, anahesabu kimoyomoyo, anaachia. Halianguki. Anachukua jengine. Mistari inakuja kukutana katikati juu ya kichwa chake. Nikamuuliza kwa Kihispania changu cha kuokoteza, ramani iko wapi? Akagusa jicho lake kwa kidole chenye chokaa.

Na hilo si geni hapa. Ule uso wa kanisa niliowaonyesha mwanzo ulijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwashi wa papahapa, Zeferino Gutiérrez, ambaye hakusomea usanifu. Inasimuliwa kwamba alitazama kadi za posta zenye picha za makanisa ya Ulaya, halafu akawachorea mafundi wake kwa kijiti mchangani. Ukiyajua hayo, ile minara unaisamehe.

Historia kwa ufupi, kwa wale wanaopenda miaka. Mji ulianzishwa 1542 na mtawa Juan de San Miguel. Fedha ikagunduliwa Zacatecas kaskazini, njia ya kuishusha hadi Mexico City ikapita hapa, mji ukatajirika kwa sufu, ngozi na biashara ya wapita njia. Allende aliyeongezwa kwenye jina ni Ignacio Allende, mtoto wa hapa, mmoja wa walioanzisha vita vya uhuru dhidi ya Uhispania 1810. Alipigwa risasi 1811, kichwa chake kikatundikwa kwenye pembe ya ghala la nafaka mjini Guanajuato, kikakaa miaka kumi. Nyumba aliyozaliwa sasa ni makumbusho, iko pembeni mwa uwanja huu. Migodi ikachoka, mji nao ukachoka, nyumba zikabomoka. Halafu 1937 akaja Mmarekani mmoja, Stirling Dickinson, akapapenda, akasaidia kuendesha skuli ya sanaa. Baada ya vita vya pili vya dunia wanajeshi wa Marekani waliorudi walikuwa na haki ya kulipiwa masomo na serikali yao, wengi wakaja kusoma uchoraji hapa kwa sababu maisha yalikuwa rahisi. Wengine hawakuondoka. Wakanunua magofu, wakayatengeneza. UNESCO ikauorodhesha mji kuwa urithi wa dunia 2008. Sisi Mji Mkongwe tuliorodheshwa 2000, tumewatangulia, na Beit el Ajaib, lile jumba letu la maajabu, ikatuporomokea Krismasi ya 2020. Nisiendelee, nitalia.

Tulipokaa kunywa maji ya tamarindi, ukwaju huo, ndiyo, upo na huku, yule mwalimu akaniambia: unajua rais wetu wa pili alikuwa na damu ya Kiafrika? Vicente Guerrero. Tarehe 15 Septemba 1829 alitoa amri ya kufuta utumwa Meksiko. Nikapiga hesabu. Kwetu Unguja amri ilitoka 1897. Miaka 68! Akaniambia pia kuna watumwa walioletwa kwa upande wa pili, kutoka pwani yetu ya kusini, Msumbiji huko, Wareno wakawapitisha Goa na Manila, wakavushwa Pasifiki na jahazi za Wahispania hadi Acapulco. Waliandikwa vitabuni kama *cafres*. Neno hilo halihitaji nikufasirieni. Maji ya ukwaju yalinikwama kooni.

Haya, sasa jambo lililonifanya niwashe simu.

Nyumba nne tulizoingia, wenyewe wanatoka Marekani na Kanada. Watu wema kabisa. Mmoja alitupikia keki, mwengine ametoa fedha za kusomesha mtoto wa mfanyakazi wake mpaka chuo. Nyumba wamezitunza, na kama si wao pengine leo ningekuwa napiga picha kifusi. Nayasema hayo kwanza ili msije kuniambia nina chuki. Lakini nyumba ya mwisho nilipotea njia ya msalani nikatokea jikoni. Jiko zuri, vigae vya buluu na njano mpaka juu, na bibi wa umri wa mama yangu anasafisha vikombe vyetu. Nikamsalimia, akanivutia kiti. Nikamuuliza anakaa wapi. Akaonyesha kwa kidevu juu ya kilima, nje ya mji, kwa basi. Nikamuuliza, wewe mwenyeji? Akacheka. Akaniambia mama yake alizaliwa mtaa huuhuu, nyumba ya tatu kutoka hapa. Ndugu walikuwa tisa, mzee akafa, kila mmoja akataka fungu lake.

Wallahi nilijua sentensi inayofuata kabla hajaisema.

Wenye kunifuata zamani mnajua habari ya nyumba ya bibi yangu, kule Kiponda. Warithi kumi na moja, wawili Maskati, mmoja Toronto, mmoja hatumjui alipo. Ikauzwa. Sasa ni hoteli ndogo. Mwaka juzi nilipokuja nyumbani nilipanda darini nikaagiza chai, nikaletewa bili kwa dola, na kijana wa watu akanieleza kwa Kiingereza kwamba hapa zamani palikuwa pakianikwa karafuu. Sikumwambia kitu. Nilimpa bakshishi. Hapakuwa pakianikwa karafuu, palikuwa pakianikwa nguo zetu za skuli.

Yule bibi alinisikiliza, sijui alielewa nusu ngapi. Nilimuuliza, hukasiriki watu wakilipa kuja kutazama? Akafuta mikono, akasema wenye kulipa angalau wanaangalia. Kisha akanivuta hadi dirishani, akanionyesha mlango wa nyumba ya tatu, ule wa kijani, na chini yake jiwe la kizingiti lililobonyea katikati. Akaonyesha kwa kiganja jinsi lilivyobonyea. Nilipotoka nilikwenda kulikanyaga. Mguu unaingia wenyewe.

Saa kumi na moja nilimwona anatoka kwa kile kilango kidogo, kikapu begani, anawahi basi. *Hasta mañana*, akamwambia mtu wa bustani.

Mtakaoniuliza bei ya ziara, sitaji, zinabadilika. Chukueni inayotaja wazi fedha zinakwenda wapi, vaeni raba, na mwalimu au yeyote anayejitolea mumpe kitu kidogo hata akikataa. Na nina ombi. Mlango wa nyumba ya bibi yangu Kiponda wameupaka vanishi nyeusi, njumu zote wameng'oa wakaweka mpya za kung'aa. Mimi sina hata picha moja ya ule wa zamani. Kama kuna mtu alipiga picha ya harusi Kiponda kabla ya 2005, karibu na ule msikiti mdogo, tazameni nyuma ya bwana harusi, mlango wenye samaki wawili na mnyororo uliochongwa pembeni. Nitumieni. Hata kama umekatika nusu.