Mgonjwa ana tundu shingoni, uji ngoja kwanza

HAMADI: Asalaam alaykum wasikilizaji. Leo tulikuwa tuzungumzie sukari lakini meseji zimezidi, watu wanauliza wagonjwa wa ICU, wodi ya mahututi, wale waliotobolewa shingo, mbona tukija na chupa ya uji spitali tunarudishwa nayo, hata kijiko hatumpi. Bi Asha wewe ndo nesi, nambie.

ASHA: Waalaykum salaam. Kwanza si roho mbaya jamani. Tundu ile inaitwa trakeostomi, inatobolewa hapa chini ya kongomeo, kinatiwa kibomba mgonjwa anapumulia pale. Wengi ni watu waliokaa sana na mpira wa mashine ya kupumulia mdomoni, ndo wanahamishiwa shingoni.

HAMADI: Sasa hapo mie sielewi. Hewa inapita shingoni, uji unapita mdomoni kwenda tumboni, zinagombana wapi?

ASHA: Zinagombana hapo juu kooni, kabla uji haujafika huko tumboni unakotaka wewe. Kile kibomba kina kipira kinajazwa upepo ili pumzi ya mashine isivujie juu, basi watu wakisikia kipira wanasema aa, pameshazibwa, mapafu yako salama. Siyo! Kitu kikishafika juu ya kipira kishavuka nyuzi za sauti, mtu keshapaliwa huyo, kinatuama pale halafu kinachuruzika pembeni kidogo kidogo kinaingia mapafuni. Na hicho kipira hatuwezi kukijaza mpaka kikaze kwa sababu presha yake inapimwa, kwa kipimo cha presha kinaitwa sentimita za maji, iwe 20 mpaka 30, ukizidisha kinabana damu isifike kwenye ukuta wa bomba la hewa la mgonjwa mwenyewe panaanza kidonda.

HAMADI: Lakini si atakohoa tu?

ASHA: Ndo penye hatari hapo. Wewe ukipaliwa unakohoa mpaka machozi, koo linahisi na hewa inatoka kwa nguvu. Huyu hewa yake inaishia shingoni, kooni haipiti, ndo maana hata sauti hana, na koo likikaa bila kupitiwa na hewa kuhisi kunapungua. Ongeza ule mpira wa mdomoni ulishamkwaruza, misuli imenywea kwa kulala, pengine na kiharusi juu yake, na kusema kweli mara nyingi ugonjwa wenyewe ndo unaoharibu kumeza kuliko hicho kibomba. Basi anapaliwa kimya kimya, hakohoi, uso haubadiliki, watu wake wanasema mashaallah kameza vizuri, baadae unasikia homa, kichomi.

HAMADI: Lahaula. Sasa mnajuaje huyu tayari anaweza kumeza?

ASHA: Kipimo kizuri ni kamera nyembamba, inapitishwa puani wanamuangalia koo akiwa anameza, Marekani walianza kuielezea mwaka 1988. Isipokuwepo kuna ile ya zamani ya rangi ya buluu, anamezeshwa kidogo halafu tunanyonya makohozi kwenye kibomba. Ikitoka buluu ujue kinaingia, isipotoka usishangilie, inawakosa wengi. Halafu kuna kivalvu cha kuongelea, hewa inaingia shingoni lakini inatokea juu, mtu anapata sauti, anakohoa, na wengine hata kumeza kunakuwa afadhali. Ila kipira lazima kitolewe upepo kwanza, la sivyo anavuta hewa hana pa kuitolea, huyo anakufa mbele yako. Kwa hivyo mtu wa nyumbani asikiguse, hata akiona nesi anakiweka kirahisi.

HAMADI: Kwa hivyo sie jamaa tukae tu tunamtazama?

ASHA: Aa, kazi ipo, tena kubwa. Mdomo! Chakula anapewa kwa mpira wa puani sawa, lakini mate yanatoka kama lita moja kwa siku na hayo pia anapaliwa nayo, mdomo ukiwa mchafu anapeleka vijidudu kifuani. Mwambie nesi akuonyeshe kumpiga mswaki laini, na kichwa kiwe juu, asilazwe chali.

HAMADI: Na maji ya zamzam? Maana hapo bibi hakubali kabisa, anakwambia tone moja tu.

ASHA: Hee, maji ndo mabaya kuliko uji, mepesi, yanakimbia kabla koo halijajifunga. Muulize nesi kwanza, akikubali chovya kitambaa safi, kikamue sawasawa, mpanguse midomo. Yanayobaki mpake uso na mikono, dua msomee.