Gari Kwanza, Betri Baadaye: Mhadhara Kuhusu Kuchagua Betri ya Gari la Spoti la Zamani

Mabibi na mabwana, wenye magari, mafundi, na nyote mliofika kusikiliza, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya kifaa ambacho wengi wetu hukikumbuka siku kinapokufa. Mwenye gari la spoti la miaka ya 1950, 1960 au 1970 atatafuta kabureta ya asili kwa miezi mingi, atalinganisha rangi ya ngozi ya viti mpaka aridhike, lakini betri huinunua kwa haraka na kwa swali moja tu: ipi yenye nguvu zaidi? Hoja yangu ni kwamba swali hilo limeanzia mwisho. Betri inayofaa hujulikana kwa kulisoma gari lenyewe, yaani mahali betri inapokaa, upande wa umeme uliofungwa kwenye bodi, mtambo unaoichaji, na muda ambao gari hukaa bila kuwashwa. Namba za kwenye lebo huanza kuwa na maana baada ya hayo kufahamika.

Nianze na volti, kwa kuwa hapo hakuna nafasi ya kubahatisha. Seli moja ya risasi na tindikali, yaani chumba kimoja ndani ya betri, iliyojaa chaji hutoa takriban volti 2.1, seli sita zikifuatana tunapata volti 12.6, ambazo kwa mazoea huitwa 12, na seli tatu hutoa 6.3, ambazo huitwa 6. Porsche 356 kwa kawaida ilitoka kiwandani na mfumo wa volti 6 mpaka uzalishaji wake ulipofikia mwisho mwaka 1965, na magari mengine mengi ya rika lake na yaliyolitangulia yalikuwa hivyo hivyo. Kazi ile ile ikifanywa kwa nusu ya volti inahitaji mara mbili ya mkondo: stata, yaani mota inayowasha injini, ya wati 1,000 huvuta takriban ampea 83 kwenye volti 12, na takriban 167 kwenye volti 6, hata kabla ya kuhesabu upotevu wa njiani. Ndiyo maana nyaya za gari la volti 6 ni nene mno. Mara nyingi betri ya volti 6 inayolaumiwa kuwa dhaifu haina kosa lolote. Kosa ni la waya mwembamba uliowekwa na mtu aliyeshika waya wa kwanza uliokuwa karibu, au la waya wa ethi, yaani ule unaounganisha betri na bodi ya gari, uliokazwa juu ya rangi na kutu. Kabla ya kununua betri mpya, weka ncha moja ya maltimita, yaani kipima umeme, kwenye kichwa cha betri cha upande wa ethi na nyingine kwenye bodi ya stata, kisha mwombe mwenzako apige stata. Kipimo kikizidi nusu volti kwenye gari la volti 12, waya huo unakula umeme, na betri mpya itakabidhiwa mzigo ule ule uliomchosha mtangulizi wake. Kwenye gari la volti 6 inafaa uwe mkali zaidi ya hapo.

Pamoja na volti kuna suala la upande wa ethi. Magari mengi ya Uingereza yalifungwa chanya kwenye bodi mpaka miaka ya 1960. MGB, kwa mfano, iliendelea hivyo mpaka mwaka 1967. Betri ikifungwa kinyume kwenye gari lenye alteneta, mtambo wa kuchaji wa kisasa zaidi, daiodi zake, yaani vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, huungua papo hapo, na redio ya transista nayo huharibika pamoja nazo. Msiamini rangi ya nyaya, kwa sababu katika miaka hamsini gari limepitia mikono mingi, na huenda mmiliki mmoja aligeuza mfumo bila kuandika popote. Betri ya zamani ikiwa bado mahali pake, fuata kwa mkono waya uliofungwa kwenye bodi mpaka kwenye kichwa ulikotokea, kisha soma alama iliyochongwa pale, ya kujumlisha au ya kutoa. Upo pia ushahidi wa pili ambao wengi hawautazami: kwenye betri zenye vichwa vya kawaida, kichwa cha chanya kina kipenyo cha milimita 17.5 na cha hasi milimita 15.9, hivyo kibano kipana zaidi ndicho cha chanya. Ukikuta kibano kipana kiko kwenye waya wa bodi, umepata jibu. Ukikuta kibano kimepasuliwa kwa msumeno ili kipanuke, au kimejazwa kipande cha bati ili kibane, basi fahamu kuwa mtu aligeuza jambo, na ulichunguze gari lote kabla ya kuunganisha chochote.

Vichwa hivyo vina somo jingine. Betri ndogo za mfumo wa Kijapani zina vichwa vyembamba, milimita 14.7 kwa chanya na 13 kwa hasi, na vibano vya magari yaliyozitumia havikubali kichwa kipana. Nimeona watu wakigonga kibano kwa nyundo ili kiingie. Kila pigo husafiri kupitia kichwa mpaka kwenye kiungo kinachoshika bamba za risasi ndani, na kiungo hicho kikipata ufa, betri itaonyesha volti nzuri kwenye kipimo na kukata ghafla stata inapoomba mkondo. Nunua betri yenye vichwa vinavyolingana na vibano vyako. Kama haipatikani, vibano vinavyofaa hubadilishwa kwa kazi ndogo.

Umbo la betri linastahili uangalifu kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa gari la spoti lina boneti iliyolala chini. Betri ikizidi urefu wa kwenda juu kwa sentimita moja tu, kichwa cha chanya kinaweza kugusa boneti gari linaporuka kwenye shimo, na kwenye gari la ethi hasi hiyo ni cheche, kisha moto. Njia ya kupima ni rahisi. Weka donge la plastesini juu ya kila kichwa, funika kwa karatasi nyembamba ya nailoni, funga boneti taratibu, fungua, kisha pima unene uliobaki. Tazama pia vichwa vimepangwa upande gani, maana nyaya za asili zilikatwa kwa kipimo, na waya unaovutwa kwa nguvu kupita juu ya ukingo wa chuma utakwaruzika mpaka shaba ionekane. Mwisho tazama jinsi betri inavyoshikwa: baadhi ya magari huibana kwa ukingo wa chini na mengine kwa fremu ya juu. Betri ya risasi ya kilo 15 isiyobanwa vizuri haipaswi kuwamo kwenye gari linalokata kona kwa kasi.

Sasa tufike kwenye mahali inapokaa. Kwenye MGB betri ziko nyuma ya viti, chini ya kifuniko. Kwenye Chevrolet Corvette ya kuanzia mwaka 1968 iko pia nyuma ya viti. Kwenye Mazda MX-5 iliyotoka mwaka 1989 iko ndani ya buti. Betri ya risasi inapochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche ndogo. Mazda walilijua hilo, wakaliwekea gari lao betri isiyomwagika yenye mipira ya kutoa gesi nje ya gari. Anayenunua betri ya kawaida ya maji na kuiweka humo kwa sababu imeingia kwa vipimo anaacha gesi na mvuke wa tindikali ndani ya buti, na kutu huanza pale pasipoonekana. Kwa gari lolote ambalo betri yake iko ndani au kwenye buti, msimamo wangu haubadiliki: betri iliyofungwa, yenye tundu la mpira wa gesi, na mpira wenyewe uunganishwe siku hiyo hiyo.

Yapo magari ambayo uzito wa betri ulikuwa sehemu ya ubunifu. Porsche 911 za matoleo ya 1969 mpaka 1973 zilikuwa na betri mbili za volti 12, kila moja ampea-saa 36 (kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), zimeunganishwa sambamba na kuwekwa mbele kabisa, nyuma ya taa, kushoto na kulia. Injini ya gari hilo iko nyuma ya ekseli ya nyuma, na wahandisi walitaka uzito puani. Leo wapo wanaong'oa zote mbili na kuweka moja nyepesi, kisha wanafurahia kilo walizopunguza. Kilo hizo zimeondoka mahali zilipotakiwa, na kwa gari la barabarani mimi sishauri hivyo. Anayebaki na betri mbili azibadilishe pamoja, za aina moja na umri mmoja, kwa sababu iliyo dhaifu humnyonya mwenzake usiku kucha. MGB ya awali ilikuwa na betri mbili za volti 6 zilizofuatana, na huko iliyo dhaifu huishiwa kabla ya mwenzake na kulazimishwa kinyume. Kiwanda chenyewe baadaye kilihamia betri moja ya volti 12 kwenye modeli hiyo, kwa hiyo mwenye gari la mwanzo akifanya hivyo hajalikosea heshima.

Suala linalozua ubishi mwingi ni aina ya betri, na jibu liko kwenye mtambo wa kuchaji. Betri ya maji huvumilia mengi: ikichajiwa kupita kiasi hupoteza maji, nawe unaongeza maji yaliyosafishwa. Betri ya AGM, ambayo tindikali yake imenywewa na mkeka wa nyuzi za kioo, hustahimili mtikisiko, haimwagiki, na hupoteza chaji polepole gari likiwa limesimama. Ila volti zikizidi takriban 14.8 kwa muda mrefu hukauka, na maji hayarudishwi. Regyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti volti za kuchaji, ikiwa ya platini ya miaka ya 1960 inaweza kupotoka bila taa yoyote kukuonya. Kwa hiyo AGM ni chaguo zuri sana kwa gari la zamani, kwa sharti kwamba regyuleta imepimwa kwanza.

Betri ya lithiamu ya chuma-fosfeti inavutia kwa wepesi wake, maana kilo 4 hufanya kazi ya kilo 15. Lakini upinzani wake wa ndani ni mdogo, hivyo ikiwa imeishiwa hupokea mkondo wote inaopewa, na dainamo ya zamani, yaani mtambo wa kuchaji uliotumika kabla ya alteneta, inaweza kulazimika kufanya kazi kwa kikomo chake mpaka ichemke. Pia ina saketi ya ulinzi inayojikata hatari inapotokea; ikijikata wakati alteneta inachaji, volti huruka na kuharibu daiodi. Wala haipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi. Kwa gari la mashindano lenye alteneta ya kisasa, sina neno. Kwa gari la dainamo, bakini na risasi.

Namba za lebo zinaweza kusomwa sasa. Ampea za kuwasha kwenye baridi, kwa kipimo cha Kimarekani, ni mkondo ambao betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2, kipimo cha Ulaya kina masharti tofauti, kwa hiyo msilinganishe lebo mbili bila kusoma herufi zinazofuata namba. Betri yenye ampea nyingi haiunguzi stata, kwa kuwa stata huchukua inachohitaji. Tatizo ni kwamba ampea nyingi ndani ya kasha dogo hupatikana kwa bamba nyembamba, na bamba nyembamba huumia zaidi chaji inapoisha kabisa. Fuateni kiwango cha mtengenezaji wa gari, mwongeze kidogo mkitaka.

Kwa gari linalosimama wiki nyingi, ampea-saa ndizo za kutazamwa. King'ora, redio ya kisasa na kifaa cha kufuatilia gari vikivuta pamoja miliampea 50, hiyo ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya ampea-saa 48 itafika nusu kwa siku 20. Ikikaa chini ya volti 12.4, salfeti huganda juu ya bamba, na ikikomaa haitoki. Betri nyingi za magari haya hufa gereji, gari likiwa limefunikwa turubai. Swichi kuu ya kukata umeme na chaja inayojidhibiti vitairefushia betri maisha kuliko tofauti ya bei kati ya chapa mbili.

Dukani, tazama tarehe ya kutengenezwa na upime volti kabla ya kulipa: 12.6 au zaidi kwa betri ya maji, karibu 12.8 kwa AGM. Iliyo chini ya 12.4 iache hapo hapo, hata ukiahidiwa kuchajiwa bure. Wanaopeleka magari kwenye maonyesho wanaweza kupata betri zenye sura ya zamani, kasha jeusi lenye uso wa juu uliopakwa lami, zenye bamba za kisasa ndani. Nazipenda kwa macho, lakini vipimo vyake vichunguzwe kama vya nyingine yoyote.

Siku ya kufunga, waya wa ethi hutolewa wa kwanza na kurudishwa wa mwisho, ili spana ikigusa bodi isitokee cheche. Kwenye gari la ethi chanya, waya huo ni wa chanya. Safisha vibano mpaka risasi ing'ae, kaza, kisha paka vaselini juu. Washa gari, pandisha injini mpaka mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, na upime kwenye vichwa. Kwenye gari la volti 12 lenye betri ya risasi tunatarajia kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12.6, mtambo hauchaji, ikipita 14.8, zima injini na urekebishe regyuleta kabla gari halijatoka tena.